Mwenye baiskeli hii alikuwa nani?

WAHENGA waliponena kwamba kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, hawakututajia gharama. Mimi nimeijua gharama hiyo mwaka huu, na iliyonifundisha ni baiskeli kuukuu ambayo siku nilipoiona kwa mara ya kwanza ilikuwa imening'inizwa kwenye mizani kama mbuzi buchani.

Ilikuwa Magongo, upande wa Changamwe, katika uwanja wa mfanyabiashara wa vyuma chakavu. Nilikuwa nimekwenda kutafuta habari nyingine kabisa, ya mifuniko ya mitaro inayoibwa barabarani. Kijana wa mizani aliitazama sindano, akatangaza, "Kilo kumi na tisa," kisha akajiandaa kuitupa baiskeli ile juu ya rundo la mabati, vitanda vya chuma na sufuria zilizotoboka.

"Hii inakwenda wapi?" nikamwuliza.

"Inakatwakatwa, inayeyushwa, inarudi mjini ikiwa nondo," akajibu bila kuniangalia.

Sijui ni kitu gani kilichoniingia. Labda ni ile kengele, ambayo ilikuwa ingali imeng'ang'ania usukani ijapokuwa kila kitu kingine kilikuwa kimelegea. Nikatoa shilingi 1,500, nikaibeba baiskeli begani hadi nyumbani. Majirani walionitazama nikipita walidhani nimepatwa na jambo. Mke wangu aliniuliza swali moja tu: "Na magurudumu yake yanazunguka?"

Hayakuzunguka.

Marehemu

Asubuhi yake niliipeleka kwa fundi mmoja mzee ambaye karakana yake ni kivuli cha mwarobaini, si mbali na barabara kuu ya kuelekea Nairobi. Mzee huyo ametengeneza baiskeli tangu ujana wake. Aliizunguka yangu mara mbili, akaipiga kofi kwenye fremu, akasikiliza ule mlio.

"Kijana, hii si baiskeli," akasema. "Hii ni marehemu. Lakini mifupa yake ni mizima."

Mifupa hiyo ilikuwa ya Raleigh. Usoni, chini ya usukani, palikuwa na nembo yenye kichwa cha korongo, na katika lile duara la meno linalovuta cheni mlikuwa mmekatwa vichwa vya korongo yule yule. Huenda wewe msomaji ulizaliwa wakati baiskeli za China na India zimekwisha kujaa madukani, basi hebu nikukumbushe kidogo. Raleigh ilianzishwa katika mji wa Nottingham, Uingereza, mwaka 1887. Katika mwaka 1951 pekee kiwanda hicho kiliunda baiskeli zaidi ya milioni moja, na nyingi zilipakiwa melini zikaletwa kwetu, Afrika na Asia. Wazee wanayakumbuka matangazo yake, yale yaliyomwonyesha Mwafrika juu ya baiskeli akimwacha simba nyuma. Baiskeli hizo nyeusi, nzito, ndefu, ndizo ambazo hadi leo Wakenya huziita Black Mamba.

Kazi ya kwanza ya fundi ilikuwa kuiua kutu. Cheni, nati na pedali zote alizitumbukiza katika mkebe wa mafuta ya taa zikalala humo siku tatu. Pini zinazoshikilia kranki zilikataa kutoka, akazipiga nyundo taratibu, huku ameegemeza upande wa pili kwenye kipande cha reli ili asiupinde mhimili. Kiti, ambacho kilikuwa cha ngozi juu ya springi, alikipaka mafuta ya nazi kila jioni kwa juma zima, mpaka ngozi ikaacha kulia kama mlango.

Spoki alizihesabu moja moja. Nyuma 40, mbele 32. "Unaona?" akaniuliza. "Mzungu alijua mzigo unakaa wapi."

Kisha ikaja siku ya kitovu cha gurudumu la nyuma. Fundi alikisugua kwa msasa laini, na taratibu herufi zikaanza kujitokeza kama maandishi kwenye kaburi la zamani: Sturmey-Archer, halafu AW, halafu 55, na kando yake 8. Mzee alitabasamu kwa mara ya kwanza tangu tujuane. Akanieleza kwamba kampuni hiyo ilikuwa na desturi ya kupiga muhuri wa mwaka na mwezi juu ya gia zake. Kitovu hicho, kwa hiyo, kilitoka kiwandani mwezi Agosti, 1955.

Hebu uuweke mwaka huo mahali pake, msomaji. Mwezi Machi, 1955, makuli wa bandari ya Kilindini walikuwa wamegoma wakidai nyongeza ya mshahara, na Tom Mboya, kijana wa miaka 24 wakati huo, akatumwa Mombasa kusaidia kusuluhisha. Kenya ilikuwa katika hali ya hatari, Mkenya mweusi hakuwa na kura, na uhuru ulikuwa mbali kwa miaka minane. Katika mji wa namna hiyo, mtu fulani alikwenda dukani akanunua baiskeli yenye gia tatu, ilhali wengi waliomudu baiskeli walichukua isiyo na gia, kwa kuwa ilikuwa rahisi.

Mtu huyo alikuwa nani? Hapo ndipo usingizi wangu ulipoanza kupungua.

Dalili

Fundi alinifundisha kuisoma baiskeli kama daktari anavyomsoma mgonjwa. Alinionyesha kwanza gia. Waya wake ulikuwa umekatika zamani, na hakuna aliyejali kuurudisha. Sasa, gia za aina hii zina tabia moja: waya ukikatika, baiskeli hubaki kwenye namba tatu, ile nzito kuliko zote. Ukiwa kwenye tambarare utafurahi, maana inakimbia. Lakini wewe unakijua kilima cha kutoka Kibarani kupanda Changamwe. Mtu aliyekipanda kwa namba tatu, na mzigo nyuma, jioni baada ya kazi, alikuwa na magoti ya chuma au hakuwa na nauli ya basi.

Dalili ya pili ilikuwa chini ya keria. Nati moja ilikuwa imekosa kile kiduara cha bati ambacho mafundi hukiita wosha, na mahali pake pamewekwa sarafu ya senti tano ya enzi ya ukoloni, ile yenye tundu katikati na pembe mbili za ndovu, ya mwaka 1952. Wazee wa pwani waliiita ndururu. Pesa zenye tundu ziliacha kutengenezwa baada ya uhuru, tulipoanza kutumia sarafu zetu wenyewe, lakini hii iliendelea kufanya kazi.

Ya tatu ilikuwa madonge ya saruji, magumu kama jiwe, yaliyoganda kwenye vyuma vya keria. Na keria yenyewe ilikuwa imeongezwa vipande viwili vya nondo kwa kuchomelewa, ili ibebe zaidi ya vile Nottingham walivyokusudia.

Ya nne ndiyo iliyotushinda. Rangi nyeusi ya kiwandani ilikuwa imebanduka karibu fremu nzima, imebaki kutu. Lakini juu ya ule mwamba wa fremu unaotoka kwenye kiti kwenda kwenye usukani, palikuwa na sehemu ya urefu wa kama shubiri mbili ambapo rangi ilikuwa mpya kabisa, inang'aa, na mstari wake wa dhahabu haujaguswa. Bila shaka kitu fulani kilikuwa kimefungwa hapo kwa miaka mingi, kikaikinga rangi na jua na chumvi ya bahari.

"Kamba," akasema fundi. "Marehemu babangu alikuwa akiuza maji kwa baiskeli hapa Chaani. Kamba za kufungia madebe alikuwa akizizungusha papo hapo. Huyu alikuwa muuza maji, yakhe, usijisumbue."

Nilimwamini. Kwa majuma mawili mwenye baiskeli yangu alikuwa muuza maji.

Likoni

Ilichukua miezi minne. Waya wa gia na kile kicheni chake kidogo nilivipata kwa msaada wa binamu yangu anayefanya kazi Dubai, maana Sturmey-Archer ya Uingereza ilifilisika mwaka 2000, ikanunuliwa na kampuni ya Taiwan, na hadi leo vipuri vinavyotengenezwa huko vinaingia katika gia za babu zetu. Nottingham kwenyewe Raleigh iliacha kuunda baiskeli mwaka 2002. Kwa jumla nilitumia zaidi ya shilingi 9,000, na naomba mke wangu asiisome sentensi hii.

Jumapili ya kwanza niliamua kwenda Likoni. Kwa nini Likoni? Kwa sababu Mombasa ya bara si moja, ni tatu. Kuna Changamwe magharibi, Likoni kusini na Kisauni kaskazini, na kisiwa kimekaa katikati kama kitovu cha gurudumu. Siku hizi ipo barabara ya Dongo Kundu kwa aliye na gari, lakini enzi ya baiskeli hii, mtu wa Changamwe mwenye jamaa Likoni alikuwa hana budi kupita kisiwani kwanza. Nami nilitaka kuyapita maji yale yale ambayo yeye aliyapita.

Niliteremka Kibarani, pale palipokuwa na jaa la taka, nikavuka daraja jipya la Makupa lililofunguliwa mwaka 2022 badala ya tuta la zamani, nikapita Mwembe Tayari, nikaishika njia ya Kivukoni. Breki za baiskeli hii si za waya, ni za vyuma virefu, na kwenye mteremko wa kuingia feri zilipiga kelele hata watu wakanipisha bila ya kuombwa.

Feri zimevusha watu hapo Likoni tangu mwaka 1937. Ukisimama ndani na baiskeli, umebanwa kati ya magunia ya viazi na wanafunzi na kina mama na ndoo zao za samaki, utajua kwa nini watu wa huku husema kwamba mtu wa Likoni humjui mpaka uvuke naye. Ng'ambo ya pili nilipanda ule mlima kwa namba moja, miguu inazunguka kama cherehani, nikawapita vijana wawili waliokuwa na baiskeli mpya. Naomba radhi kwa kujisifu.

Juu ya mlima nilisimama kwa mama mmoja mtu mzima, muuza mahamri.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu. Mahamri mangapi?"

Nikamwambia manne. Alikuwa akiyafunga kwenye gazeti macho yake yalipoiangukia baiskeli, na mkono ukasimama. Nikamweleza habari zake, na ile sehemu yenye rangi mpya nikamwonyesha, nikamwuliza anadhani palifungwa nini.

"Koti la mvua," akasema mara moja. "Mume wangu alikuwa akilikunja na kulifunga hapo. Kila asubuhi alitoka nyumbani kwa baiskeli mpaka Mtongwe, akaiacha kwa mwenye duka, akaingia feri kwa miguu."

Msomaji, sikuhitaji kuuliza zaidi. Mtu yeyote wa Likoni akilitaja jina la Mtongwe kwa sauti ile, unajua anaiwazia tarehe gani. Asubuhi ya Aprili 29, 1994, feri ya Mtongwe ilipinduka karibu na ufuo ikiwa imejaa wafanyakazi waliokuwa wakielekea kisiwani, na zaidi ya watu 250 wakafa maji.

"Baiskeli ilikaa dukani siku tatu," akasema mama huyo. "Mwenye duka ndiye aliyeniletea, anaisukuma, hakuthubutu kuipanda. Sikuweza kuitazama. Nikampa shemeji yangu aende nayo Kwale."

"Ilikuwa kama hii?"

Aliiangalia tena, kengele, keria, kiti.

"Ilikuwa nyeusi," akasema, na akaniongezea hamri la tano ambalo alikataa kulipokea pesa zake.

Nilirudi Changamwe jioni hiyo nikiwa na mwenye baiskeli mwingine kabisa. Hakuwa muuza maji tena. Alikuwa mtu mwenye koti la mvua lililokunjwa vizuri.

Kisauni

Jumapili iliyofuata nikaelekea kaskazini. Nilivuka daraja la Nyali, hili la zege la mwaka 1980, nikafika Kengeleni. Jina hilo limetokana na kengele ya Freretown, kijiji kilichoanzishwa na wamishonari mwaka 1875 kwa ajili ya watumwa walioachwa huru. Nikalikwepa soko la Kongowea na mikokoteni yake, nikaingia barabara ya Kisauni hadi Mlaleo, ambako nilikuwa nimeelekezwa kwa mzee mmoja aliyefanya kazi katika kiwanda cha saruji cha Bamburi tangu ujana wake. Kiwanda hicho kilianza kuzalisha saruji mwaka 1954, mwaka mmoja tu kabla ya gia yangu kupigwa muhuri. Yale madonge chini ya keria yalikuwa yakiniwasha kichwani. Nilikuwa na hakika nimempata mtu wangu.

Mzee alinikaribisha barazani, akaagiza kahawa, kisha akaisikiliza hoja yangu ya saruji mpaka mwisho bila kunikatiza. Nilipomaliza alicheka hadi akashika ubavu.

"Mwanangu," akasema, "Mombasa hii yote imejengwa kwa saruji. Ukimtafuta mtu kwa saruji, utatukamata sote."

Hata hivyo aliinuka, akashika usukani kwa mikono miwili. Akanisimulia daraja la kwanza la Nyali, lile lililoelea juu ya maji tangu mwaka 1931, ambalo watu walilipia ili kulivuka, na jinsi lilivyotikisika chini ya magurudumu. Akanisimulia safari za alfajiri kwenda kazini Bamburi, wanaume safu nzima juu ya baiskeli, taa moja mbele na wengine wote wanaifuata. Aliyekuwa na taa, alisema, alikuwa rafiki yake kipenzi. Walianza kazi mwezi mmoja, na walikuwa wakikopeshana pampu.

"Hapa," akasema, akiigusa ile sehemu yenye rangi mpya, "alifunga pampu na kifuko cha spana. Yeye hakuwa mtu wa kukwama njiani."

"Nani, Mzee?"

Aliniangalia kana kwamba nimeuliza swali la kitoto. "Huyo mwenzangu. Si nakwambia?"

Nilimshukuru, nikanywa kahawa yangu. Njiani kurudi nilianza kuelewa jambo ambalo nilipaswa kulielewa mapema. Kila niliyemwonyesha baiskeli ile alimpandisha juu yake mtu wake aliyekufa. Fundi alimpandisha babake, mama wa Likoni akampandisha mumewe, mzee wa Kisauni akampandisha rafiki yake. Hakuna hata mmoja aliyesema uongo. Wote walikuwa wakitafuta mahali pa kumkalisha mtu ambaye hakuacha picha, wala kaburi lenye maandishi, wala jina katika kitabu chochote.

Na mimi je? Mimi nilikuwa nimempandisha nani?

Mzee wangu

Babangu anaishi Mikindani, mwendo wa nusu saa kutoka kwangu. Alikuwa kibarua bandarini kwa miaka mingi, sasa amestaafu, miguu inamsumbua. Katika miezi yote minne ya kuhangaika na baiskeli, sikuwa nimemwambia. Nilijidanganya kwamba nataka kumshangaza. Ukweli, msomaji wangu, ni kwamba niliona haya.

Mzee wangu naye alikuwa na baiskeli. Mwaka 2009, nilipopata nafasi katika chuo cha uandishi wa habari, karo ilipungua. Jioni moja mzee alirudi nyumbani kwa miguu. Hatukuambiwa neno. Mama alipakua chakula, tukala, na Jumatatu mimi nikaingia chuoni na stakabadhi yangu mkononi. Diploma ninayoitumia hadi leo kula mkate wangu, sehemu yake ilinunuliwa kwa baiskeli, na kwa miaka yote hiyo sikuwahi kuitaja mbele yake.

Nilimkuta kibarazani anasikiliza redio. Niliisimamisha baiskeli mbele yake, nikangoja. Aliitazama kwa muda mrefu.

"Umenunua pesa ngapi?"

Nikamwambia. Akatikisa kichwa. "Wamekuibia."

Kisha akaomba isogezwe. Aliipiga kengele mara moja. Akaikagua gia, akauvuta ule waya kwa kidole.

"Yangu haikuwa na gia," akasema.

Nilikuwa bado natafuta la kujibu alipoweka kiganja chake juu ya ule mwamba wa fremu, pale pale penye rangi mpya. Nikafungua mdomo kumweleza kuhusu kamba za muuza maji, koti la mvua, na kifuko cha spana. Hakuningoja.

"Hapa palikuwa na mtoto," akasema.

"Mtoto?"

"Huyu mtu alikuwa akibeba mtoto. Chuma hiki kinaumiza mapaja ya mtoto, tena kikipigwa na jua kinaunguza. Unakunja gunia, unalizungusha hapa, unalifunga kwa mpira wa tyubu. Hulitoi. Mtoto akikua anakuja mwingine, gunia liko pale pale." Akatulia kidogo. "Yangu nililifunga ulipoanza shule ya nasari. Ulikuwa ukilala njiani, kichwa chako kinagonga kengele. Ndiyo sababu nikaigeuza kengele upande wa nje."

Nikaitazama kengele ya baiskeli yangu, ile ambayo ndiyo iliyonifanya niinunue. Ilikuwa imegeuzwa upande wa nje.

La, msomaji, usikimbilie huko. Haikuwa baiskeli ya mzee wangu. Yake haikuwa na gia, kama alivyosema mwenyewe, na fremu yake ilikuwa na kovu la kuchomelewa ambalo hii haina. Mtu aliyeigeuza kengele hii alikuwa mtu mwingine, na mtoto wake alikuwa mtoto mwingine, aliyesinzia njiani kama nilivyosinzia mimi, na ambaye leo pengine ni mtu mzima mahali fulani.

Nikapata ujasiri wa kuuliza. "Baba, ile yako ulimwuzia nani?"

"Sikumwuliza jina. Nilikutana naye Kibarani. Yeye alikuwa na haraka, nami nilikuwa na haraka, maana karo yako ilitakiwa Jumatatu. Alinipa shilingi 2,800." Akafikiri. "Alitaka kulitoa lile gunia, akidhani ni uchafu. Nikamwambia aliache. Nikamwuliza kama ana watoto, akasema bado. Nikamwambia, basi liache."

Tulikaa kimya, redio ikitangaza vifo. Kwa miezi minne nilikuwa nimezunguka bara zote tatu za Mombasa nikimtafuta mtu wa mwaka 1955, ilhali mwenye baiskeli niliyepaswa kumwuliza alikuwa Mikindani anakunywa chai ya rangi. Nilimsimulia muuza mahamri habari za baiskeli ya mtu nisiyemjua kabla ya kumwambia babangu asante kwa ile ninayoijua.

Asante hiyo niliisema siku hiyo. Ilitoka vibaya, kwa sauti ya mtu anayekohoa. Mzee alinijibu kwamba kiti nimekiweka chini mno, nitaumia magoti.

Nawe msomaji, huenda kwenu hakukuwa na baiskeli. Huenda ilikuwa cherehani ya mama iliyotoweka mwezi wa karo, au ng'ombe, au redio, au kipande cha shamba kule mashambani. Kuna kitu kilichoondoka nyumbani ili wewe ufike ulipo, na aliyekitoa hakusema. Kama yungali hai, usingoje kutengeneza chochote. Nenda leo baada ya kulisoma gazeti hili, umwulize kiliuzwa wapi, kwa nani, na kwa pesa ngapi. Atakwambia kwamba amesahau, lakini wewe kaa tu hapo hapo, usiondoke upesi, na utaona kama hatakumbuka hata rangi ya shati la mnunuzi.

Fundi wangu alitaka kuipaka fremu yote rangi nyeusi upya, na nilimruhusu, isipokuwa zile shubiri mbili. Ndururu nayo imerudi mahali pake chini ya nati. Binti yangu ana miaka minne, na Januari ataanza shule ya nasari. Juzi nilikata kipande cha gunia la sukari, nikakikunja, nikakizungusha juu ya mwamba wa fremu na kukifunga kwa mpira wa tyubu, kisha nikaenda Mikindani kumwonyesha babu yake.

Mzee alilikagua lile fundo, akalifungua, akalifunga upya.